Nguo za akiba juu ya kinga

Watoto, ninyi wote mnajua kinga, ndiyo baisikeli. Mmoja kati yenu anakuja nayo shuleni kila siku. Mwingine anamngojea mkubwa wake amwazime siku ya posho. Somo hili halifundishi namna ya kuipanda. Linauliza neno moja tu: mtu anayekwenda mbali kwa kinga, na akifika anataka kubadili nguo, ataziweka wapi nguo zile njiani?

Wengi watajibu mara moja: «Mgongoni!» Ninyi mnaupenda mfuko wa mgongoni kwa sababu mnabeba vitabu ndani yake. Kwa mtu anayetembea kwa miguu mfuko ule ni mzuri. Kwa mtu wa kinga siyo mzuri, na sababu zake zinaonekana kwa macho. Tuzitazame.

Mgongo na jasho

Mtu anayekanyaga pedali anafanya kazi, na mwili unaofanya kazi unapata moto. Mwili unatoa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka pamoja na moto, na mtu anasikia baridi nzuri. Upepo wa njiani unasaidia sana kazi hiyo. Lakini ukifunga mfuko mgongoni, upepo haupiti tena. Jasho la mgongo halikauki, linaingia katika shati, kutoka katika shati linaingia katika mfuko, na mwisho linafika katika nguo zile ulizozitunza ili uzivae ukifika. Umebeba nguo kavu, utavaa nguo zenye jasho. Basi ulizibeba kwa faida gani?

Tena, mikanda ya mfuko inavuta mabega nyuma, na wewe umeinama mbele kushika usukani. Kwa saa ya kwanza husikii kitu. Saa ya tatu shingo inauma, na mtu mwenye kuumwa na shingo hatazami tena njia vizuri.

Uzito wa juu na uzito wa chini

Sasa tufanye jaribio. Leteni chupa mbili zilizo sawa. Katika chupa ya kwanza tieni mchanga, ufikie robo yake. Chupa ya pili iacheni tupu, lakini bandikeni udongo wa mfinyanzi kuzunguka shingo yake, kadiri ya mchanga ule. Zisimamisheni juu ya meza, kiisha zisukumeni polepole kwa kidole kimoja. Chupa yenye udongo shingoni inaanguka upesi. Yenye mchanga chini inatikisika, kiisha inarudi na kusimama.

Mtu juu ya kinga ni sawasawa na chupa ile. Uzito ukiwa mgongoni uko juu, karibu na shingo ya chupa. Akipita katika shimo, akigeuka ghafula kumkimbia mbuzi, uzito ule unamvuta upande. Uzito huohuo ukifungwa chini, juu ya kinga yenyewe, haumsumbui sana. Watu wa Kivu ya Kaskazini wanajua jambo hili vizuri. Katika mji wa Goma wanatengeneza chukudu, gari la mbao lenye magurudumu mawili, nalo halina pedali wala mnyororo. Ubao wake wa kubebea uko chini, karibu na udongo, na kwa hiyo kijana mmoja anaweza kuteremka mlima na mizigo ya kilo mamia.

Na kichwa je? Mama zetu wanabeba kichwani kuliko watu wote, na wasichana wa darasa hili wanajua kuchukua ndoo ya maji bila kumwaga hata tone. Lakini kichwa ni kwa mtu wa miguu. Nimepata kumwona mtu akipanda kinga na furushi kichwani, akilishika kwa mkono mmoja. Watu wa soko walimpigia makofi. Breki moja aliiacha bila mkono, na wale waliopiga makofi hawakufikiri jambo hilo.

Mtu aliyezunguka dunia na shati moja la akiba

Zamani, kinga haikuwa kama ya leo. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa sana na la nyuma dogo kama sahani. Mpandaji alikaa juu ya gurudumu lile kubwa, miguu yake mbali na udongo. Gurudumu likigonga jiwe, mara nyingi mtu alirushwa mbele, kichwa kwanza.

Juu ya kinga ya namna hiyo, yenye gurudumu la mbele la sentimita 127, mtu mmoja jina lake Thomas Stevens aliondoka San Francisco, katika nchi ya Marekani, tarehe 22 mwezi wa nne mwaka 1884. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854. Alikata nchi yote ya Marekani, toka bahari moja hata bahari nyingine, akafika Boston tarehe 4 mwezi wa nane mwaka uleule. Njia nzuri hazikuwako. Mahali pengi alisukuma kinga kwa mikono, na mahali pengine alipita juu ya reli ya treni. Mwaka 1885 alivuka bahari kwa meli mpaka Uingereza, akapita Ulaya, Uturuki na Uajemi, na baadaye Uhindi, Uchina na Japani. Alimaliza mjini Yokohama tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1886. Ni mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa kinga.

Alipoanza alibeba nini? Sikilizeni vizuri: soksi, shati moja la akiba, koti la mvua, na bastola ndogo. Basi. Koti lile la mvua lilikuwa pia hema lake na blanketi lake usiku. Nguo hizo hakuzivaa mgongoni. Aliziweka katika mfuko mdogo uliofungwa kwenye usukani. Mtu aliyekaa juu namna ile, na aliyeweza kurushwa wakati wowote, hakuwa na ruhusa ya kuongeza uzito juu ya mabega.

Tena kuna neno ambalo litawapendeza watoto wa Kongo. Mwaka 1889 gazeti moja la New York lilimtuma Stevens huyuhuyu Afrika ya Mashariki kumtafuta Stanley, ambaye wakati ule alikuwa akitoka katika msitu wa Kongo kuelekea pwani. Mwaka 1890 aliandika kitabu juu ya safari ile. Lakini mara hii alikwenda na wapagazi, na mizigo ya wapagazi ni habari nyingine.

Mwingine aliyepita kwetu ni Kazimierz Nowak, mtu wa Polandi. Tangu mwaka 1931 mpaka 1936 alisafiri Afrika yote, toka kaskazini mpaka kusini na kurudi, akipita na Kongo. Sehemu kubwa ya njia aliikata kwa kinga, na kinga ile ndiyo iliyobeba vitu vyake.

Kuchagua nguo

Kosa kubwa linafanyika nyumbani, kabla ya kufunga kamba yoyote. Mtu anaweka sanduku wazi, anatia kila kitu anachokipenda. Kiisha anatafuta mahali pa kufunga mlima ule.

Anza kwa kujiuliza: nitavaa nini njiani, na nitavaa nini nikifika? Nguo za njiani ni moja. Nguo za kufika ni moja. Jioni zile za njiani zinafuliwa na kuanikwa, asubuhi zinavaliwa tena. Kama safari ni ya siku mbili ao siku ishirini, hesabu ni ileile. Yule Stevens hakuwa na shati la pili la akiba, naye alipita bara tatu.

Shati ni jepesi, gramu 200 ao zaidi kidogo. Suruali ya kitambaa kigumu inapita nusu kilo, tena ikilowa haikauki upesi. Viatu vya ngozi ndivyo vinavyokula mahali. Ukiweza, safiri navyo miguuni, uvipanguse ukifika. Kama ni lazima kuvibeba, jaza soksi na nguo za ndani katika matundu yake. Mahali pale palikuwa patupu bure.

Usisahau kikwembe kimoja. Mimi ningekiweka mbele ya vitu vyote, hata kwa wavulana. Kikwembe kinafunga furushi. Kinapangusa maji mwilini. Kinafunika mtu usiku. Tena, mtu anayefika mahali pasipo na nyumba anajifunga kikwembe na kubadili nguo ndani yake kwa heshima, bila kutafuta kichaka. Nguo gani nyingine inafanya kazi nne?

Na nguo ya kujikinga na baridi, sweta ao koti, usiitie katikati ya furushi. Iwe juu, mahali mkono unapofika bila kufungua vyote. Mtu aliyepanda mlima ana jasho na haitaki. Akifika juu na kuanza kuteremka, upepo unampiga, naye anaitaka mara moja. Kama iko chini ya vyote, ataona uvivu kuifungua, atateremka akitetemeka.

Kukunja na kufunga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi ilipo.

Nguo zilizokunjwa bapa kama karatasi zinapata alama kali za mkunjo. Nguo zilizoviringishwa kama mkeka hazipati alama nyingi, tena zinachukua mahali padogo. Basi viringisha. Lakini viringisha kwa utaratibu. Anza na suruali. Ilaze, mguu juu ya mguu, uiviringishe toka chini mpaka kiunoni, ukibana sana. Sasa una kigogo cha kitambaa. Laza shati juu ya meza safi, kifua chini, mikono yake ukiikunja ndani juu ya mgongo. Weka kigogo kile cha suruali penye upindo wa chini wa shati, uviringishe shati kukizunguka, polepole, mpaka kola. Kwa nini shati liwe nje? Kwa sababu kitu kinachozunguka kigogo kinene hakipindiki sana, na shati ndilo linaloonekana kwa watu. Suruali ikiwa na mkunjo, nani atajua?

Juu ya shati zungusha kikwembe mara mbili, uingize ncha zake mbili ndani.

Sasa mambo ya maji na vumbi. Tia furushi katika mfuko wa plastiki usio na tundu. Litie maji kidogo kwanza ulijue: mfuko unaovuja maji utavuja na vumbi. Usifunge mara moja. Kandamiza furushi kwa goti ili hewa itoke, kiisha sokota mdomo wa mfuko, uukunje mara mbili, uufunge. Mfuko wenye hewa ndani ni kama mpira wa kuchezea: hautulii chini ya kamba, na mwiba wa kwanza unaupasua. Nje ya plastiki vika kipande cha gunia, kwa maana plastiki peke yake haishindani na chuma.

Kamba gani? Msitafute mbali. Chukueni mpira wa ndani wa gurudumu uliokwisha kuzeeka. Ukateni kwa urefu, mpate vitambaa vya mpira vyenye upana wa vidole viwili. Kila kimoja kitakuwa na urefu wa mita mbili na zaidi. Kamba hizi za mpira zinapita kamba za katani. Njiani kinga inaruka-ruka, na furushi linapungua kimo. Kamba ya katani ikiachwa na furushi inalegea. Kamba ya mpira inavutika ukiifunga, na furushi likipungua yenyewe inarudi na kulibana. Kwa hiyo uivute sana wakati wa kufunga, mpaka iwe nyembamba.

Mahali penyewe

Kinga nyingi za kwetu zina kichanja cha chuma juu ya gurudumu la nyuma. Ndipo mahali pa kwanza. Laza furushi kwa urefu wa kinga, si kwa kukingama, lisipite upana wa kichanja. Funga kamba ya kwanza mbele na ya pili nyuma, kiisha ya tatu ikate katikati kama msalaba. Lisogeze karibu na kiti kadiri iwezekanavyo. Furushi lililokaa mwisho kabisa wa kichanja linatikisa mkia wa kinga, na kwenye mlima mkali linainua gurudumu la mbele.

Kama furushi moja halitoshi, yafanye mawili yenye uzito mmoja, uyaning'inize kuume na kushoto kwa kichanja. Hapo jihadhari na vitu viwili: kisigino chako na gurudumu. Kaa juu ya kinga ikiwa imesimama, mwenzako aishike, uzungushe pedali nyuma mara kumi. Kisigino kikigusa furushi, lisogeze nyuma. Na kati ya furushi na gurudumu weka ubao mwembamba ao fimbo mbili zilizofungwa wima, ili furushi lisiegemee ndani.

Kinga isiyo na kichanja ifanyweje? Tazama mwili wake: zile nguzo tatu za chuma zinafanya pembetatu kati ya magoti yako. Furushi jembamba linafungwa chini ya nguzo ya juu, na hapo uzito unakuwa katikati kabisa. Sharti liwe jembamba kuliko nafasi ya magoti. Kitu kidogo, kama soksi na shati, kinaingia chini ya kiti, nyuma yake, kikifungwa kwenye chuma za kiti.

Usukani ndio mahali alipoweka Stevens, lakini gurudumu lake lilikuwa juu kama kifua cha mtu. Kwenye kinga ya leo weka pale sweta tu, ao kitu chepesi cha kilo moja. Uzito mkubwa mbele unafanya usukani uwe mzito kugeuka, nao ukishaanza kugeuka hautaki kurudi. Nyaya za breki zisibanwe. Na mfuko unaoning'inia upande mmoja wa usukani, ukicheza-cheza kama kengele, uondoeni kabisa. Siku moja utacheza ndani ya gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele likisimama ghafula, kinga inapinduka na mtu wake.

Gurudumu linashika

Piga hesabu pamoja nami. Gurudumu la kinga zetu kubwa linazunguka mita 2,20 hivi kwa mzunguko mmoja. Kwa njia ya kilometa 40, ndiyo mita 40.000, gawanya: linazunguka zaidi ya mara 18.000. Ncha ya kamba inayoning'inia inapata nafasi 18.000 za kushikwa na nyuzi za gurudumu. Inahitaji moja tu.

Mnyororo nao una meno. Ukingo mrefu wa suruali upande wa kuume unaingia pale. Ndiyo sababu mnawaona wazee wakitia mguu wa suruali ndani ya soksi. Si mtindo wa zamani, ni akili. Wasichana na mama wanaokaa nyuma wapandishe kikwembe na kukikaza chini ya mapaja. Mjini Kisangani, ambako watu wengi wamezoea kusafiri juu ya kinga za kukodi zinazoitwa toleka, abiria anapewa mto wa kukalia, lakini kitambaa chake lazima akiangalie mwenyewe. Kitambaa kikishikwa hakikatiki. Kinamvuta mtu.

Kwa hiyo, kazi ya kufunga ikiisha, pita na vidole vyako juu ya kila kamba. Kila ncha iliyo huru ichomekwe chini ya kamba nyingine. Kiisha inua gurudumu la nyuma kadiri ya shubiri moja, uliache lianguke. Fanya hivyo mara tano. Furushi likisogea, fungua, anza tena. Afadhali lianguke uani pako kuliko katikati ya njia mbele ya gari la mizigo.

Shati jeupe la Kalenga

Tuseme kuna mvulana wa darasa la sita katika Katanga, tumwite Kalenga. Mtihani wa mwisho utafanyika katika shule nyingine, kilometa 40 toka kijiji chake. Ni mwezi wa sita. Mvua hakuna, lakini njia ni vumbi jekundu tupu, na magari yakipita mtu haoni mikono yake. Asubuhi na mapema ni baridi. Katika nyanda za juu za Katanga, miezi hiyo, usiku joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Kalenga ana shati jeupe moja tu na suruali ya buluu moja, na pale wote watakuja wamevaa buluu na nyeupe. Mama yake amelifua shati kwa mikono yake, amelipiga pasi ya makala. Sabuni ile ilinunuliwa kwa fedha za mihogo.

Mjomba wake ndiye mwenye kinga. Ni muuza makala. Kila juma anapeleka magunia Lubumbashi, mara nyingi akisukuma kwa miguu, kwa sababu magunia yanapita kichwa chake kwa urefu.

– Mjomba, nitavaa shati langu, kiisha nitavaa sweta juu yake. Hivyo vumbi halitaliona.

– Na jasho je? Nalo halitaliona?

– Basi nitalitia katika mfuko wangu wa vitabu, mgongoni.

– Kalenga, kinga ndiyo inayobeba. Wewe kazi yako ni kuendesha. Lete shati hapa.

Mjomba hakupata shule nyingi, lakini kwa kufunga hakuna mwalimu anayempita. Aliviringisha suruali, akazungusha shati, akazungusha kikwembe cha mama. Akatia katika plastiki, akatoa hewa kwa goti, akavika gunia. Kalamu mbili na kipande cha rula alivifunga katika kitambaa, akavitia katikati ya furushi, ndani ya suruali, ili visitoboe plastiki. Karatasi ya mtihani hakuitia katika furushi. Alimwambia Kalenga aiweke kifuani, ndani ya bahasha. Kamba tatu za mpira. Akainua gurudumu, akaliachilia, tano. Furushi halikusogea.

Kalenga aliondoka siku moja kabla, na hapo mjomba alionyesha akili kuliko katika kamba. Mtu akifika jioni ana usiku mzima wa kuondoa mkunjo: anatundika shati ukutani katika nyumba ya ndugu zake, analipangusa kwa mkono uliolowa kidogo, na asubuhi limenyooka. Njiani alivaa shati la zamani na sweta. Kilometa ya kumi jua lilipanda, akavua sweta, akaichomeka chini ya kamba ya juu bila kufungua kitu. Alipofika alikuwa mwekundu toka nywele mpaka miguu, watoto wa pale wakamcheka. Alioga, akajifunga kikwembe, akafungua gunia, akafungua plastiki. Shati lilitoka jeupe.

Mtihani wenyewe aliufanya namna gani, somo hili halisemi. Shati haliwezi kugawanya sehemu.

Kwa nchi ya mvua

Wanafunzi wa Bukavu na Butembo watasema kwamba vumbi siyo taabu yao. Kweli. Huko ni milima, na mvua inanyesha miezi mingi. Kwao nguo za akiba siyo mambo ya kupendeza watu, ni mambo ya uzima. Maji yanachukua joto la mwili upesi kuliko hewa kavu, zaidi ya mara ishirini. Na kadiri unavyopanda juu, joto linapungua, digrii 6 hivi kwa kila mita 1.000. Mtu aliyelowa, amechoka, tena anateremka mlima na upepo kifuani, anaweza kupoteza joto mpaka vidole vikatae kubana breki. Akianza kutetemeka, asiseme «bado kidogo nitafika». Asimame chini ya paa la kwanza analoliona, avue nguo zilizolowa zote, hata za ndani, ajipanguse, avae kavu. Kuvaa sweta kavu juu ya shati lililolowa ni kulowesha na sweta.

Nguo za pamba zikilowa zinashikamana na ngozi na kukawia kukauka. Sufu inashika joto hata ikilowa. Kwa hiyo sweta ya sufu, ingawa nzito, inastahili mahali pake katika furushi la mtu wa milimani.

Na furushi la nchi ya mvua liwe na plastiki mbili, moja ndani ya nyingine, midomo yake ikielekea pande mbili. Maji yakipata mlango wa kwanza, yatakuta ukuta. Nyuma ya kinga, gurudumu linarusha matope juu. Kama bati la kuzuia matope limepotea, kata kipande cha ndoo ya plastiki iliyopasuka, ukifunge chini ya kichanja. Nguo zilizolowa usizirudishe pamoja na kavu. Zifunge peke yake nje, na ukifika uzianike kabla ya kula.

Maulizo

1. Kwa nini jasho la mgongo halikauki mtu akiwa na mfuko mgongoni?
2. Thomas Stevens alibeba nguo gani, na aliziweka wapi? Koti lake lilifanya kazi ngapi?
3. Kwa nini mjomba alizungusha shati nje ya suruali, na si suruali nje ya shati?
4. Gurudumu linazunguka mita 2,20 kwa mzunguko mmoja. Linazunguka mara ngapi toka nyumbani kwako mpaka shuleni? Pimeni njia kwa hatua zenu, kiisha pigeni hesabu.
5. Kazi ya mikono: siku ya posho kila mmoja alete shati, suruali, kikwembe na kamba moja ya mpira. Furushi litafungwa juu ya kinga, nasi tutaizungusha uwanja wa shule mara tatu.